Una Pumba Kichwani

Mimi jamani si msemaji. Muulize mtu yeyote hapa Chimala. Nakaa kimya kama gunia. Ila macho yangu hayajaokoka. Mtu akipita mbele yangu sitazami viatu, sitazami nguo, sitazami hata kama kabeba mtoto au kabeba mlango. Natazama nywele. Na nikishatazama, huko moyoni nafungua mahakama. Nasoma mashtaka, naita mashahidi, nahukumu. Mshtakiwa anapita zake, wala hajui kama keshafungwa miaka saba.

Kazi ndiyo iliyoniharibu. Ni karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kando ya barabara kubwa ya kwenda Tunduma. Ukarani wenyewe ni daftari moja la mistari na kalamu iliyofungwa kamba isiibiwe. Kiti sina. Nakaa juu ya rundo la magunia, karibu na bati. Sasa mtu ukikaa juu vile unaona nini? Utosi. Wenzangu wanaongea na sura za watu, mimi mwaka wa sita huu naongea na visogo. Juzi mwenye nyumba wangu kanisalimia sokoni uso kwa uso, nikamuuliza yeye ni nani. Kodi ikapanda.

Halafu hapa kwetu nywele zina msimu, kama mpunga. Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu watu wako majarubani wanapandikiza, mgongo umepinda, tope mpaka magotini. Kichwani kitambaa tu, na chini ya kitambaa kuna mambo, tuyaache. Ukifika wa sita, mpunga umeingia mashineni, hela imeonekana, vitambaa vinavuliwa. Wee! Rasta mpaka kiunoni. Wivingi. Yeboyebo. Hata bibi aliyekuwa anasuka twende kilioni tangu uhuru, unamkuta na mabutu. Mimi kujua bei ya mpunga simuulizi dalali, nahesabu rasta. Mwaka bei ikianguka unamwona mtu kasuka upande mmoja, eti ndiyo staili.

Kuna mama mmoja mteja wetu mzuri, analeta magunia ishirini kwa mkupuo. Nywele anazifunga juu, zinasimama, zinafurika pembeni, kamba imeelemewa. Mimi kama karani najua kitu kile kinaitwaje. Lumbesa. Kwenye mazao serikali imekataza, kichwani haijasema kitu. Kila akiinama kuhesabu mzigo wake natamani nimwambie apunguze debe mbili. Sisemi. Nacheka kwa tumboni, tumbo linacheza, gunia linacheza, nakaribia kudondoka.

Mwingine wivingi yake niliiona Pasaka, nikaiona Sabasaba, Nanenane ikanikuta bado naitazama. Ile sasa ni mpangaji, itabidi alipwe ndiyo ahame. Ikimuwasha hawezi kuikuna, anaipiga. Pa, pa, pa kwa kiganja, kama mtu anayechagua tikiti maji.

Na yuko mzee wa piko. Huyu nampenda. Kichwa cheusi kama buti la askari siku ya gwaride, ndevu nyeupe kama mchele supa. Anadhani mvi zinakaa juu tu. Jua la Usangu unalijua lilivyo. Jasho likimtoka, piko inaanza safari, inashuka polepole inafuata makunyanzi. Mimi huku juu nimebana pumzi, naangalia kama itafika kwenye nyusi.

Usinione mbaya peke yangu, hata serikali inatazama vichwa. Baba yangu mdogo anapenda kutusimulia Oparesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza marufuku, ianze Januari mosi 1969. Sketi fupi, suruali za kubana, mkorogo, na wigi! Wigi, ndugu yangu, imo kwenye orodha. Mimi kila nikiisikia habari hiyo najiona nimezaliwa nimechelewa. Mwenzenu ningekuwa kamanda. Ningesimama njia panda na filimbi.

Tena mwaka 2019 nikadhani wakati wangu umefika. Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dokta Philip Mpango, kasoma bajeti kule Dodoma. Nywele bandia zilipiwe ushuru, asilimia 10 zinazotengenezwa nchini, 25 za kutoka nje. Nilikuwa nasikiliza redio pale kwa muuza chipsi. Nikapiga makofi, kidogo nimwage kachumbari. Hatimaye, nikasema, wamepatikana. Siku ya nne mama watoto kaniwekea karatasi mezani. Nywele pakiti tatu, na hela ya msusi. Bei imepanda, anasema, si mmeshangilia ushuru? Kumbe aliyepatikana ni mimi. Nimelipa. Na zile nywele nikazihukumu vilevile, kimya kabisa, kwa sababu kwenye hukumu zangu zote hiyo ndiyo inayoweza kuninyima ugali.

Sasa sikia yaliyonipata.

Ilikuwa Jumanne, foleni imejaa, mashine inanguruma. Akaja bibi mmoja na mjukuu wake, kasichana ka darasa la pili, kichwa kimenyolewa kama sheria ya shule inavyotaka. Nikakatazama, nikakosa kosa. Kichwa safi. Nikaudhika kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, una pumba kichwani."

Mashine ikazimwa wakati uleule. Ingezimwa baadaye kidogo tu, Mungu angenistiri. Watu wote wamesikia. Na mimi, mtu mzima mwenye daftari, damu ikapanda. Nikasimama juu ya magunia. Nina pumba mimi? Mimi niliyemaliza darasa la saba, tena mara mbili? Nimemkosea nani hesabu hapa? Gunia la nani limepotea? Nikamgeukia bibi, nikamwambia mtoto afundishwe adabu, mimi huku naitegemeza familia kwa kichwa hikihiki.

Bibi kaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, mtoto hajakutukana. Zimo kweli. Mpaka kwenye nyusi."

Nikapeleka mkono. Jamani. Zikamwagika. Bomba la pumba liko nyuma ya ukuta, upepo ukishuka kutoka milimani unazirudisha zote ndani, na aliyeko juu ni nani? Miaka sita! Pale uani palikuwa na vijana wamefuata pumba za kuchomea matofali. Mmoja kachungulia, kasema za karani peke yake zinatosha tanuru.

Foleni ilicheka mpaka mama wa lumbesa akashika nguzo. Lumbesa haikutikisika. Kwa hilo nampa heshima yake.

Saa saba nikatoroka kwenda kwa kinyozi. Nikamwambia piga para, nimalize hii kesi. Akasema hapana kaka, para itakuzeesha, nikuwekee waya, upate kuwa wa kisasa. Na mimi, mtu mwenye pumba, nikakubali. Akanyoa upande wa kushoto vizuri. Akachora waya wa mbele. Akaniletea kioo. Nikaona ile barabara yetu ya kupanda Matamba, yenye kona hamsini na saba, imelazwa juu ya paji langu, na kona hakusahau hata moja. Nikasema nyoosha. Akawasha mashine anyooshe, umeme ukakatika.

Tukasubiri. Akanisimulia habari za mpira. Tukasubiri. Saa tisa bosi kapiga simu, nani anaandika magunia? Nikarudi kazini kushoto upara, kulia msitu wenye pumba.

Nikapanda rundo langu. Nikafungua daftari. Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama wa lumbesa kaangalia pembeni. Mama wa wivingi kajipiga kichwa mara mbili, kaangalia chini. Kasichana ka darasa la pili kamefumba mdomo kwa mikono miwili. Kimya! Ukimya ule naujua, bwana. Nimeukalia miaka sita.

Aliyenionea huruma ni mzee wa piko. Kavua kofia yake ya sufu, kanirushia huku juu. "Vaa, mwanangu." Nikavaa upesi, nikaivuta mpaka masikioni, nikashukuru mpaka nikapiga goti. Nikaandika magunia mpaka jioni, jasho linanitiririka kwenye jua lile la bati, lakini kofia sikuivua.

Nyumbani mama watoto kanifungulia mlango, nikavua kofia. Kaniangalia. Akaenda kuleta taa, akaniangalia tena. Halafu akaita watoto.

"Njooni mumuone baba yenu. Nywele kabakiza nusu, lakini piko kapaka mpaka shingoni."