Bodi ya Kaiti Yapanda Kitonga

Bodi ya kaiti haiuliwi na bahari. Kule Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, vijana huzichapa juu ya maji mchana kutwa, huruka nazo hewani, hutua nazo kwa kishindo, na jioni huzisuuza kwa maji baridi na kuziegesha ukutani zikiwa nzima. Kinachoziua ni safari. Nalisema hili mimi mzaliwa wa Kilolo, wilaya yenye milima, misindano na baridi ya kutosha, lakini isiyo na hata kipande cha bahari.

Mpwa wangu ni mwalimu wa kaiti huko Paje. Ukoo ulichelewa kuielewa kazi hiyo, kwamba mtu analipwa kumfundisha Mzungu kuburuzwa na tiara. Mwajiri wake halisi ni upepo: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Juni hadi Septemba. Katikati hapo masika hunyesha, hoteli nyingi hupunguza watu, naye hurudi kula ugali wa bibi yake. Safari hii nilikuwa Unguja kwa shughuli zangu, tukapanga kuongozana. Akaja na bodi kwapani. Akasema hawezi kuiacha chumbani kwa sababu ya wezi, na isitoshe anataka kuijaribu kwenye bwawa la Mtera. Nikamwambia wavuvi wa Mtera wanaishi na mamba na viboko, na sidhani kama hao wamewahi kuona mguu wa binadamu ukipita juu juu hivyo wakaudharau. Akanyamaza, ila bodi hakuiacha.

Ukiishika mara ya kwanza unaweza kuidharau. Haifiki kilo tatu, urefu wake sentimita 138. Ndani mna mti mwepesi uitwao paulonia, nje matabaka ya nyuzi za kioo yaliyogandishwa kwa gundi ngumu. Roho yake iko kwenye ukingo. Ukingo ukipasuka, maji ya chumvi hupenya, mti huvimba, matabaka yakaanza kuachana. Joto nalo ni adui: ukiifungia ndani ya gari juani, gundi hulegea. Kwa hiyo mpwa wangu alifungua mapezi manne na kanda za miguu, skrubu akazitia kwenye kikopo, ukingo akauvisha vipande vya sponji la godoro, kisha akaizungushia mataulo. Wageni wanaokuja kwa ndege hushindilia nguo zao zote humo humo kwenye begi la bodi, maana mashirika mengi hutoza vifaa vya michezo, na mtu akishalipia begi moja haoni sababu ya kulipia la pili.

Yeye begi lake lilikuwa na zipu iliyoliwa na chumvi. Ndipo akaja na wazo lililonifanya nimwone msomi: boksi tupu la TV ya inchi 65, alilolipata hotelini. Hoja yake ilikuwa kwamba Mtanzania anaweza kukalia mzigo wa aina yoyote isipokuwa TV.

Pale bandari ya Malindi nikaamini. Hamali aliibeba kwa mikono miwili akiwafokea watu wapishe. Kwenye boti mama mmoja alihamisha watoto wake ili TV isipate bughudha. Nilianza kutembea kwa maringo, nikasahau kwamba sina TV.

Tukafika Dar es Salaam. Kila anayevuka na TV kutoka Unguja anajua suala la ushuru linamsubiri upande huu, na sisi tulikuwa tumejiandikia wenyewe, kwa herufi kubwa, kwenye boksi. Ofisa akauliza risiti. Mpwa wangu akasema si TV, ni bodi. Boksi likafunguliwa. Mataulo yakatoka, sponji likatoka, bodi ikatoka. Ofisa akachungulia ndani, akatupa jicho nyuma yetu, akauliza kwa upole, “Sasa TV yenyewe iko wapi?” Kadiri tulivyothibitisha kuwa hatuna TV, ndivyo tulivyozidi kutiliwa shaka. Mwishowe mpwa wangu akaiweka bodi sakafuni, akapanda juu yake, akakunja magoti, akashika kaiti isiyoonekana na kuanza kuyumba mbele ya umma. Ofisa alimtazama, akanigeukia mimi: “Mzee, mpeleke nyumbani akapumzike.” Tukaruhusiwa.

Boksi lilikuwa limechanika, kwa hiyo stendi ya Mbezi tulifika na mzigo uliofungwa kwa gunia na kamba. Mpwa wangu akaubandika kibandiko chekundu cha Kiingereza chenye picha ya glasi iliyopasuka. Konda alikiangalia, akaelewa kwamba kilichomo ndani kimekwisha kupasuka, hivyo hakuna cha kuhurumia. Akausukuma kwenye buti kwa goti.

Ruaha Mbuyuni ndipo unapoingia wilaya ya Kilolo, na hapo basi haliondoki bila vitunguu. Kila abiria alinunua mfuko, na kila mfuko ulikwenda chini. Kisha tukaanza kupanda mlima Kitonga. Wanaoijua barabara ile wanajua zile kona na malori yanayopanda yakihema. Kila kona tulisikia buti likijibu: vitunguu vinakwenda kushoto, kitu kigumu kinakwenda kulia. Mpwa wangu alifumba macho na kung’ang’ania kiti cha mbele. Jirani yake akamfariji, “Usiogope, mdogo wangu, dereva huyu mzoefu.”

Bodi ilishuka stendi ya Igumbilo, Iringa mjini, ikinuka kachumbari, lakini nzima. Tukahamia kwenye Hiace ya kwenda Kilolo. Waliopanda Hiace za mashambani wanaufahamu ule ubao ambao konda huupitisha kati ya viti ili watu wawili zaidi wapate pa kukaa. Konda wetu alikuwa nao, wa msindano, wenye vibanzi. Alipoona umbo lililo ndani ya gunia, macho yakamng’aa. Kabla hatujafumbua mdomo, bodi ilikuwa imelala kati ya viti na watu wawili wameikalia, mmoja wao mama mwenye afya njema na debe la mahindi mapajani. Akaisifu: “Ubao huu unanesa vizuri.” Mpwa wangu akalalamika. Konda akamjibu, “Kaka, si umeleta mwenyewe?” Nauli ya mzigo tulilipa palepale, na nauli ya waliokalia mzigo akaweka mfukoni.

Nyumbani mama yangu alitupokea kwa “Kamwene”, akapokea shikamoo zetu, akaagiza gunia lifunguliwe aone zawadi ya Unguja. Akaigeuza bodi huku na huku. “Yaani mmevuka bahari mkaniletea ubao? Hapa Kilolo mbao zimekwisha?” Ukweli ni kwamba malori ya mbao za misindano hutoka kwetu karibu kila siku kwenda mjini. Hata mimi nilikosa jibu. Watoto wa jirani ndio walioelewa haraka: asubuhi yake niliwakuta wakiteleza nayo kwenye majani mabichi ya mteremko, wakipokezana kwa nidhamu kubwa. Mpwa wangu aliposogea kuwafukuza wakamkaribisha naye ateleze. Akateleza. Mtera hakuitaja tena.

Kusi ilipokaribia, na bodi ikatakiwa kurudi Paje, tulitaka ushauri wa watu wanaojua kazi ya kusafirisha mizigo. Ilula iko wilaya hiyo hiyo, na akina mama wa pale husafirisha nyanya hadi Dar es Salaam bila kutumia kibandiko chochote. Mmoja alitueleza kwamba nyanya haiharibiwi na uzito peke yake, inaharibiwa na kucheza ndani ya tenga, ndiyo maana hulazwa juu ya majani na kubanwa isisogee. Ushauri huu nauona bora kuliko wote, na hata wale wa Olimpiki ya Paris 2024, ambao mashindano yao ya kaiti yalifanyika Marseille, wangeufuata bila hasara. Seremala akatengeneza sanduku la msindano, tukajaza majani makavu, bodi ikabanwa kama mtoto mgongoni.

Kwenye kizuizi cha mazao ya misitu tukasimamishwa: mbao zinatoka Kilolo, kibali kiko wapi? Tukaeleza kwamba sanduku ni kifungashio tu, chenye thamani ni ubao ulio ndani. Ofisa akaandika, akauliza, “Na huo wa ndani mti gani?” Paulonia. Akafunua orodha yake hadi mwisho, akaifunga. Tulilipia sanduku.

Bodi sasa iko Paje na inafanya kazi. Ina ufa mmoja ukingoni, mfupi kuliko ukucha, uliotokana na msumari wa seremala wetu. Sanduku amelichukua mwenye nyumba wake, anafugia kuku.