Waheshimiwa wa Birmingham, Moshi Wenu Umefika

Kwa Madiwani,
Halmashauri ya Jiji la Birmingham,
Victoria Square, Birmingham,
Uingereza.

YAH: PONGEZI KWA KUGUNDUA BEI YA MOSHI

Waheshimiwa, shikamooni. Halmashauri inayosimamia watu zaidi ya milioni moja ni mkubwa wa kila mtu, hata wa sisi tulio Dar es Salaam.

Tunaandika kuhusu teksi. Tangu Juni 2021 mna Eneo la Hewa Safi katikati ya jiji, ndani ya barabara ya mzunguko ya A4540. Teksi ya petroli isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 4, au ya dizeli isiyofikia Euro 6, ikiingia humo inadaiwa pauni 8 kwa siku. Asiyelipa anapigwa faini ya pauni 120, inayoshuka hadi 60 akiwahi ndani ya siku 14. Anayekamata ni kamera, nayo haina njaa wala haisogei dirishani kumnong'oneza dereva. Kwa hilo peke yake mngestahili nishani huku kwetu.

Lakini kilichotuvutia zaidi ni sayansi yenu. Sisi tulidhani dizeli kuukuu ikimwaga naitrojeni dioksaidi, gesi hiyo huingia kwenye mapafu ya watu. Kumbe inategemea kama mwenye gari amelipa. Teksi iliyolipiwa pauni 8 ina ruhusa ya kuzunguka katikati ya jiji siku nzima, ikikohoa kila kona. Ambayo haijalipiwa, hata ikipita mara moja tu kumshusha bibi harusi, ni mhalifu wa mazingira. Na dereva aliyeingia saa tano na nusu usiku akatoka saa sita na nusu anadaiwa mara mbili, kwa kuwa katikati hapo tarehe imebadilika. Bila shaka hata mapafu ya Birmingham yanafuata kalenda.

Mpaka nao una maajabu yake. Kuendesha juu ya A4540 yenyewe ni bure. Kodi inaanza ukikata kona kuingia ndani. Kaskazini-mashariki, pale Gravelly Hill, kuna makutano ya barabara kuu ya M6 yaliyofunguliwa mwaka 1972, yale mliyoyapachika jina la Spaghetti Junction. Malori yanapita hapo usiku na mchana na eneo lenu haliyadai hata senti. Tunajua, hiyo si barabara yenu, ni ya serikali kuu. Tuelezeni tu mliufundishaje upepo wenu mipaka ya mamlaka, maana wa kwetu unavuka kutoka Ilala kwenda Kinondoni bila kibali.

Sasa tuje kwa dereva. Mwaka 2001 Uingereza ilianza kutoza kodi ya magari kwa kuangalia kaboni dioksaidi, na dizeli ikaonekana malaika. Watu wakatii, wakanunua dizeli. Septemba 2015 ikafichuka kule Marekani kwamba Volkswagen walikuwa wameweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Kuhusu zile teksi nyeusi, halmashauri za Uingereza, ninyi mkiwemo, ndizo huamua ziwe magari ya aina gani, na kwa miongo mingi gari lililoruhusiwa lilikuwa la dizeli. Serikali ilisifu dizeli, kiwanda kikadanganya, halmashauri ikaidhinisha. Mkatafuta mkosaji, mkamkuta ameegesha pembeni anasubiri abiria, na bado anadaiwa mkopo wa hilohilo gari. Mlitoa ruzuku kwa baadhi ya madereva, hilo tunalikiri.

Wengine waliwakimbia. Wolverhampton ipo kama kilomita 20 tu, na halmashauri yake inagawa leseni za magari ya kukodi kwa madereva wa Uingereza nzima, ambao wanarudi kufanya kazi katika miji iliyo na masharti magumu zaidi. Huku kwetu gari lisilo na leseni ya teksi linaitwa teksi bubu. La kwenu si bubu hata kidogo, ila anayelisemea ni diwani wa mji mwingine.

Tusiwe wachoyo wa sifa: naitrojeni dioksaidi katikati ya jiji imepungua. Ilibidi, maana sheria inataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo. Pua zenu zilikuja kupata mtihani mwingine Machi 2025, wazoa taka walipogoma na tani zipatazo 17,000 zikalala mitaani. Taka hazina bomba la moshi, kwa hiyo hazikuhusika na Eneo la Hewa Safi.

Kilichotufanya tuwaandikie ni kwamba teksi iliyokataliwa haiyeyuki. Inauzwa. Inakwenda kwanza mji usio na kamera, na kwa kuwa ninyi na sisi sote tunaweka usukani kulia, magari yaliyotumika Uingereza hupanda meli hadi Mombasa na Dar es Salaam. Kenya wanakataa lililozidi miaka 8. Sisi Tanzania ni wakarimu: lililozidi umri huo tunalitoza ushuru wa uchakavu, kisha tunalikaribisha. Mnaona tulivyo wanafunzi wenu wazuri? Mlitoza uzee, tukatoza uzee, kila hazina imepata chake, na moshi ni uleule, ila sasa unapuliziwa foleni ya Barabara ya Mandela, bajaji na abiria wake wakiwa nyuma kabisa ya bomba. Ikifika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani tunabandika stika kwenye kioo cha mbele, na gari limepona.

Ombi letu ni moja. Teksi inayoshindwa mtihani wenu ivunjwe hukohuko iwe chuma chakavu, na dereva alipwe bei ya soko ya gari lake kutoka kwenye pauni 8 hizohizo. Mkiona ni ghali, basi wekeni kwenye nyaraka zake mstari mmoja unaosema kwamba gari hili halikufaa kupumuliwa Birmingham, tuusome bandarini kabla ya kulipa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mpumuaji wa kawaida,
Dar es Salaam.