Mbwa Kalala, Wenyewe Hawalali

Barua zilizomfikia mwandishi wa safu hii katika kipupwe hiki cha Julai ni tano, na zote, ingawa zimeandikwa kwa hati mbalimbali na wino wa rangi mbalimbali, zimetoka Mfaranyaki mjini Songea. Tena, kama sikosei kuzisoma, zimetoka pande zote za ua mmoja, kwa ajili ya mbwa mmoja jike ambaye daktari wa mifugo amemtoa kizazi. Iko mitaa ambayo mtu huumwa juma zima asibishiwe hodi hata na mwenye kumdai. Kwa hiyo sitawalaumu watu wa Mfaranyaki kwa wingi wa huruma yao, ila nitawasihi waitoe kwa kipimo, maana katika kurasa zote nilizosoma kila mtu amelalamika isipokuwa mgonjwa.

*

*Mzee Mshauri, shikamoo. Mbwa wangu, jina lake Hayawahusu, alipasuliwa jana asubuhi, akarudishwa jioni kwa bajaji amelegea kama nguo mbichi. Anatetemeka, analia kwa sauti nyembamba, ugali hataki hata kuunusa. Mama mkwe anasema apewe uji wa ulezi wenye sukari nyingi. Shemeji anasema nusu ya Panadol. Mama wa nyumba ya pili ameleta majivu na mafuta ya taa ya kupaka mshono. Nifuate la nani? — Mama Mwenye Mbwa*

Marahaba, mwanangu. Ulimpa mbwa jina la kuwafukuza majirani, na majirani wamekuja wote. Sasa uwashukuru mmoja mmoja kwa adabu, uwape chai, wala usifuate la yeyote kati yao.

Jambo alilofanyiwa mbwa wako, ijapokuwa madaktari hulifanya kila siku, si dogo hata kidogo: tumbo limepasuliwa karibu na kitovu, ovari na mfuko wa uzazi vimetolewa, na jaraha limeshonwa tabaka kwa tabaka, nyama kwanza, kisha ngozi, hata huo mshono unaouona wewe kwa nje ni mlango tu, na nyumba yenyewe imo ndani. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, ambalo kwa mbwa mzima hukaa kati ya nyuzi 38 na 39, na huchukua hata siku nzima kumtoka; kwa hiyo huko kutetemeka aghalabu ni baridi, na hicho kilio chembamba mara nyingi ni weweseko la dawa wala si uchungu. Maadamu ninyi mnaishi penye upepo unaoshuka Matogoro usiku, msimlaze juu ya saruji tupu na gunia moja. Tandikeni maboksi chini, magunia juu yake, kisha blanketi, na kitanda chake kiwe sakafuni, kwa sababu mbwa mwenye usingizi wa dawa akilazwa juu ya kochi huanguka. Jiko la mkaa msiliache likiwaka katika chumba kilichofungwa, maana moshi wake usioonekana utawaua wauguzi kabla ya mgonjwa.

Mpe maji kidogo kidogo, na akiisha kuyashika bila kutapika, mpe robo ya chakula chake cha kawaida, kilaini, ugali na mchuzi wa dagaa usiotiwa kitunguu, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya mbwa. Akikataa usiku wa kwanza, si neno. Akikataa mpaka saa 24 zipite, au akitapika mara kwa mara, hapo mpigie simu daktari. Na lipo jambo moja ambalo halingoji asubuhi: mfunue mdomo uutazame ufizi wake, ambao kwa mbwa mwenye afya huwa wa waridi, ukiuona umepauka, na tumbo linajaa, na yeye anazidi kulegea badala ya kuzidi kuamka, damu huenda inavuja ndani, na wakati huo bajaji iitwe hata kama ni saa nane za usiku.

Uji wa mama mkwe haudhuru ukipoa na ukiondolewa sukari, nami ningekushauri umpe mbwa vijiko viwili mbele ya macho yake, kwa ajili ya amani ya nyumba. Panadol ya shemeji sivyo: kipimo kinachomtuliza mtu chaweza kumharibia mbwa ini, na diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hupatikana katika kila duka la dawa, humtia vidonda vya tumbo na kumharibia figo; dawa ya maumivu ni ile aliyoiandika daktari wa mifugo, kwa uzito wa mbwa huyo, basi. Majivu yarudi jikoni, na mafuta ya taa yarudi kwenye kibatari. Kazi yako juu ya jaraha ni kulitazama, asubuhi na jioni, penye mwanga, kwa mikono uliyonawa: kingo mbili ziwe zimekutana, wekundu kidogo na uvimbe mdogo vya siku za mwanzo visikutishe, lakini usaha, harufu mbaya, au mwanya kati ya kingo, hivyo ni vya kupelekwa kwa daktari siku ile ile. Asiogeshwe mpaka nyuzi zitolewe. Najua atanuka. Na anuke.

*

*Mzee mwenzangu, nilipopasuliwa ngiri, mke wangu aliniletea supu siku ya kwanza, na siku ya nne nikatumwa sokoni kununua maharage. Sasa mbwa amefunikwa blanketi langu, nami nalala na shuka, Julai hii. Je, ni haki? — Baba Mwenye Nyumba*

Sahibu yangu, kwa upande wa sheria mbwa amekushinda. Iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomwajibisha mwenye mnyama kumtunza. Lakini sheria inayomwajibisha mke kumfunika mume, mimi, kwa uchache wa elimu yangu, sijapata kuiona.

Kwa upande wa akili vilevile amekushinda, na sababu ni hii. Wewe siku ya nne ulikuwa waweza kuambiwa usinyanyue gunia la mahindi, ukaelewa, ukatii, pengine ukafurahi. Mbwa siku ya nne hujiona mzima. Maumivu yamepungua, usingizi umekwisha, na akimwona kuku wa jirani ataruka ukuta, na nyuzi za ndani, ambazo hakuna anayeziona, zitakatika. Kwa hiyo siku ya kuogopwa si hii ya leo ambayo nyumba nzima imekesha, bali ni hizo zitakazofuata, ambazo wote mtakuwa mmechoka na kumsahau. Hapo ndipo unapohitajiwa wewe. Mfunge kamba fupi, umtoe haja asubuhi, mchana na jioni, mwendo wa taratibu, umrudishe. Penye ngazi umbebe, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya mapaja, usimkamate tumboni. Na watoto wakitaka kumchezesha mpira, wachezeshe wewe. Fanya hivyo hadi daktari aseme basi. Blanketi la mtumba sokoni halina bei ya kumshinda mtu aliyekwisha kulipia upasuaji wa mbwa.

*

*Assalaam alaykum. Mimi ni mpangaji. Mbwa amelazwa koridoni, hatua mbili na mlango wangu, nami naamka alfajiri kwenda kutawadha, hapo ndipo njia yangu. Nasema vipi nisivunje ujirani? — Mpangaji Mwenye Udhu*

Wa alaykum salaam. Mimi si mufti, na mas-ala ya fikihi nayaachia wenyewe. Lakini nijualo, na walijualo watu wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yaliyoenea pwani na bara yetu, ni kwamba unajisi wa mbwa ni katika umajimaji wake, wenye kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kavu kwa kavu haina shida. Lakini mbwa wa usiku wa kwanza baada ya upasuaji si mkavu: huweza kutokwa na mkojo usingizini, na ute wa mdomo humtiririka. Basi shaka yako ina msingi.

Wala huna haja ya kuomba radhi unapoisema. Mbwa wa watu wa pangoni, aliyetajwa katika Sura ya Al-Kahf, alilala kizingitini akanyoosha miguu yake ya mbele, akawatosha wenziwe kwa ulinzi bila kuwabana kwa nafasi. Na huyu wenu naye ana haki ya kupata mahali pake. Mwambie mwenye nyumba kwamba koridoni hapafai kwa mgonjwa kwa sababu zile zile zisizokufaa wewe: pana upepo chini ya mlango, pana miguu ya watu, na kila apitaye humwamsha. Stoo ya uani, ikiondolewa majembe na debe la rangi, ikapigwa deki ikakauka, ndiyo sitara inayomfaa, pembamba kiasi cha kumzuia kukimbia na pakavu kiasi cha kulinda jaraha. Wewe jitolee kubeba majembe, na hutasikia tena neno ujirani likitajwa kwa uchungu.

*

*Mshauri, mimi sikubali. Yule mbwa nilikuwa nimeahidiwa mtoto wake mmoja. Pili, mbwa asiye na kizazi hunenepa, huwa mpole, wezi wataingia mtaani. Tatu, dume langu bado anazunguka ule ua usiku kucha na kulia, hatulali. — Jirani wa Nyuma*

Bwana Jirani, nianze na la tatu, maana ndilo la hatari. Jike aliyetolewa kizazi hubaki na harufu yake kwa muda, hasa kama alikuwa katika joto siku za karibuni, na dume hapati taarifa za daktari. Akimfikia na kumpanda, mshono utafumuka. Mfunge dume wako. Si ombi.

La pili ni nusu kweli. Kunenepa, naam, kwa kuwa mwili usio na kazi ya uzazi hutaka chakula pungufu. Jaraha likipona, sahani ipunguzwe yapata robo, naye atabaki na kiuno chake. Upole wa kuwaachia wezi, hapana: mbwa habweki kwa mfuko wa uzazi. Tena atakuwa nyumbani kila usiku, hali zamani, mara mbili kwa mwaka au karibu na hapo, alikuwa akiandamwa na kundi la madume kwa majuma matatu, yakiraruana mbele ya nyumba za watu na kumwuma apitaye, na nyumba yenyewe imebaki bila mlinzi.

Hilo la kwanza la mtoto uliyeahidiwa, hebu tulihesabu pamoja. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na uzao wa watano au sita ni jambo la kawaida; wewe ulikuwa unamtaka mmoja. Wale wengine ni wa nani? Sote tumeona mwisho wao, boksi kando ya mtaro, na wachache wanaopona hukua bila mwenyewe na bila chanjo, na huko ndiko kichaa cha mbwa kinakopata makao. Pasteur aliijaribu chanjo yake huko Paris mwaka 1885 kwa mtoto aliyeumwa na mbwa, na tangu hapo dunia ina dawa ya kuzuia maradhi haya, lakini haina ya kuyaponya yakiisha kujionyesha. Ndiyo maana kila tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, huhimizwa chanjo. Kutolewa kizazi si kuchanjwa: Hayawahusu lazima achanjwe kila mwaka, na dume wako vilevile. Na mtu akiumwa, jaraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si kesho baada ya kumtafuta mwenye mbwa ili mgombane.

Fauka ya hayo, jike aliyetolewa kizazi ameepushwa na usaha wa mfuko wa uzazi, ambao huua majike wengi wazee, na kama amefanyiwa mapema, hatari ya uvimbe wa matiti nayo imepungua sana. Kuhusu kelele za usiku, iko tiba. Kumhasi dume ni kazi fupi na nyepesi kuliko hii ya jike, ingawa baada yake yafaa atengwe na majike majuma kadhaa, maana mbegu za akiba hazitoki mara moja. Bila shaka barua yako ya pili itanieleza kwa nini jambo jema kwa mbwa wa jirani halifai kwa wako.

*

*Shikamoo mzee. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kinatazamana na ule ua. Mshono nimeuona; nafasi za nyuzi ni sawasawa, ila fundo ningelifunga vizuri zaidi. Siku ikifika naweza kuzikata mwenyewe kwa mkasi wangu, nimpunguzie mama nauli? — Fundi*

Marahaba fundi. Hapana. Nyuzi za ngozi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na ni daktari anayetazama kama kingo zimeshikana au zinajifanya tu kushikana; ziko nyingine huyeyuka zenyewe chini ya ngozi na hazitolewi kamwe, na wewe ungezitafuta. Mkasi uliopita juu ya vitenge na mezani penye maandazi usikaribie tumbo la kiumbe.

Lakini kazi yako ipo, tena hakuna mwingine wa kuifanya. Ulimi wa mbwa, waliouita wazee dawa, ni adui wa mshono: hulamba, hulowesha, kisha meno hufuata. Ile kola ya plastiki ya shingoni haipatikani kila mahali, na ndoo iliyokatwa kitako, ambayo wengine huivisha, itakwama katika kila mlango wa uani. Basi tafuta fulana mbili za mtumba, za pamba, za mtoto wa miaka minane au kumi kwa kadiri ya umbo lake. Kichwa kipite shingoni, miguu ya mbele mikononi, na upande wa tumboni ukate nyuma kidogo ya mshono ili mkojo usiilowanishe, kisha pindo la nyuma ulitie kamba ya kufungwa juu ya mgongo, si chini. Isibane, vidole viwili vipite kati ya nguo na mbavu. Moja ivaliwe, nyingine ifuliwe na kuanikwa, kila siku. Mpime akiwa amesimama, mwenyewe amemshika, bila kugusa jaraha. Na bei mpatane na Mama Mwenye Mbwa kabla hujaanza kukata, kwa sababu mumewe, kwa jinsi nilivyoisoma barua yake, hivi sasa hana moyo wa kulipia nguo ya mbwa.