Namna ya Kumfikia Waziri Ukiwa na Shamba Kianjai

Umerithi ekari mbili Kianjai, jirani kasogeza mpaka, nawe unataka haki. Hongera. Umepata kazi ya kudumu isiyo na mshahara, na mwanao naye hatakosa ajira.

Anza kwa wazee. Njuri Ncheke wako Nchiru, hapo tu kwenye barabara ya kwenda Meru mjini. Watakusikiliza mpaka mwisho. Lifurahie hilo, kwa sababu halitajirudia. Ila neno la wazee si namba kwenye rejista, na jirani yako analijua hilo kukushinda.

Usikimbilie mahakamani. Ardhi ikiwa bado inapimwa na kuamuliwa, kifungu cha 30 cha Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi, Sura 284, ya mwaka 1968, hakiruhusu kumshtaki mtu kuhusu ardhi hiyo bila idhini ya maandishi ya afisa wa uamuzi. Naam, afisa yuleyule ambaye kazi yake ndiyo imekukera. Mwandikie barua ya heshima.

Kisha kuna kamati ya wenyeji wasiopungua 10. Wenyeji maana yake watu wanaokujua, na hasa wanaomjua jirani yako. Chunguza ni nani kati yao aliyeoa kwa jirani huyo.

Rejista ikikamilika huwekwa wazi ikaguliwe, nawe una siku 60 za kuwasilisha pingamizi. Siku hizo huhesabiwa tangu tangazo lilipotolewa, si tangu uliposikia habari zake matangani. Afisa akija shambani atasimama chini ya ule mti wa mukima wa mpakani na kuuliza nani aliupanda. Usijibu “babu.” Jirani pia ana babu, na kwa jinsi watakavyosimulia, mababu wote wawili waliupanda asubuhi moja. Mlete mzee aliyeshuhudia kwa macho yake, umnunulie chai, na umlete upesi, kwa sababu huku Tigania kuna sehemu ambazo shughuli hii ilianza miaka ya 1960 na mashahidi hawakuumbwa kwa subira ya namna hiyo.

Ukishindwa, kata rufaa kwa Waziri, tena ndani ya siku 60. (Hakikisha kwanza shamba lako liko chini ya Sura 284. Likiwa chini ya Sura 283, ile ya kukusanya vipande vya mashamba, uamuzi wa pingamizi ndio mwisho. Hutapata hata Waziri wa kukukatalia.)

Usione haya kumlilia mkubwa wa mbali. Mwaka 1377 wakulima wa vijiji kama 40 kusini mwa Uingereza walilipia nakala rasmi kutoka kwenye kitabu cha mfalme cha mwaka 1086, Domesday Book, ili waonyeshe kwamba mashamba yao zamani yalikuwa ya mfalme mwenyewe, kwa hiyo mabwana wao wa sasa hawakuwa na haki ya kuwatumikisha watakavyo. Walipewa karatasi, zikapigwa muhuri, wakalipa. Mabwana wakaenda kulalamika bungeni, na Bunge likatamka kwamba karatasi hizo haziwasaidii chochote. Sikusikia kwamba walirudishiwa ada.

Sasa habari njema: usishone suti ya kwenda Nairobi. Sheria inamruhusu Waziri kukabidhi kazi hiyo kwa wengine, na kwa miaka mingi aliyeketi kusikiliza alikuwa DC, ambaye siku hizi tunamwita Naibu Kamishna wa Kaunti. Umepanda mpaka kileleni mwa serikali na kumkuta mtu ambaye ofisi yake unaifikia kwa bodaboda. Uamuzi wake ni wa mwisho.

Wa mwisho, lakini si sana. Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Meru inaweza kuangalia kama taratibu zilifuatwa. Mukima hauihusu. Ikigundua hukupewa nafasi ya kujieleza, inaweza kuufuta uamuzi na kuagiza rufaa isikilizwe upya. Rudi kwa bodaboda yuleyule. Na nakala za faili toa mbili: moja ya wakili, nyingine ya mjukuu.