Shemeji Kanizidi Usukuma

Jamani, usiombe shemeji wa kutoka Moshi akufikie nyumbani wakati wa likizo. Wenzio mashemeji zao wanataka sato na bia baridi, wanalala. Huyu wangu anataka utamaduni. "Shem, twende makumbusho ya Bujora ukanioneshe Usukuma wenu." Mama watoto anachekelea tu. Anajua nimezaliwa Mwanza, nimekulia Mwanza, na huo Usukuma ninao kwenye kitambulisho.

Haya, daladala mpaka Kisesa. Nauli mimi. Bodaboda za kupanda huko juu, mimi. Kumbe njia nzima jamaa anapiga stori na konda, anafundishwa salamu. Mimi nalinda pochi.

Tunafika, mzee wa kutembeza wageni anatupokea: "Mwangaluka!" Shemeji kadaka juu kwa juu: "Mwangaluka, baba!" Mimi nikasema, "Poa." Mzee kamshika shemeji mkono, hauachii, halafu anamuuliza kwa upole huyu mgeni wake katokea wapi. Mgeni ni mimi!

Basi nikawa mbeba maji. Wao mbele, mimi nyuma naokoteza maneno. Kumbe mwanzilishi wa makumbusho yale ni padri, David Clement, Mkanada, na yalifunguliwa 1968. Mtu katoka Quebec kaja kukusanya vitu vya wazee wetu, mimi kutoka Buzuruga naona mbali. Ngoma za watemi wameziweka kwenye jumba lenye umbo la kiti cha mtemi. Miguu inawaka moto, nimo ndani ya kiti, na pa kukaa sina.

Kwenye nyumba ya mhunzi nikaona kidude cha ngozi, kimekauka, kimejikunja. Nikasema hapa ndipo pa kurudisha heshima. Nikamwambia shemeji, kwa sauti ya kisomi kabisa, hii ni ngoma ya watoto. Mzee akakohoa. "Mvukuto huo, mwanangu." Wa kupulizia moto, majembe yafuliwe.

Sasa kasheshe lenyewe. Wasukuma tuna vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, watani wa jadi toka enzi za mababu. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na dawa zake, na upande unaovuta watu wengi ndio umeshinda. Hakuna refa. Hakuna VAR. Hapo nikaanza kuchangamka. Mzee kanigeukia ghafla: nyie kwenu ni Bagika au Bagalu?

Nikajibu fasta: "Yanga."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Jioni mtaa mzima wanayo, mama watoto hana breki. Muuza vocha sasa hivi ananiita Bagayanga.

Na haijaisha. Jamaa anarudi Juni, kwenye sherehe za Bulabo, ngoma zikishindana. Upande keshachagua, Bagalu, Mchaga wa watu! Sasa wewe unayesoma hapa, kama una bibi yako wa Kisukuma anayeweza kunifundisha salamu, ya asubuhi tu inatosha, nitumie namba yake kabla ya Juni. Nalipa.