Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA KUGAWIWA SIRI KIDOGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima, naomba radhi kwa kuthubutu kuchukua muda wako adhimu. Natumaini u mzima. Nasema natumaini kwa sababu sina njia ya kujua: afya yako inatunzwa vizuri, na habari zake zinatunzwa vizuri zaidi. Hata ukiugua mafua, sisi tutayasikia umeshapona. Kwa hilo nakupongeza kwa dhati.

Afya yangu mimi, Mheshimiwa, haina makuu. Benchi zima linaijua. Hospitalini ninakotibiwa, muuguzi hutuhurumia tuliokaa mbali na dirisha, hivyo huita kwa sauti jina langu, la baba yangu na la kliniki ninayokwenda. Na kwa kuwa CTC ni kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, akisema "wa CTC wapange mstari huku," hakuna anayehitaji kuuliza zaidi. Daftari la MTUHA, lenye kumbukumbu za wagonjwa, hulala wazi mezani, nadhani ili wanaosubiri wasichoke kwa kukosa cha kusoma. Kompyuta nazo zimefika, tunashukuru sana. Nywila imebandikwa ubavuni mwa skrini, asije mtumishi akapata taabu ya kuikumbuka. Na picha za eksirei hutumwa kwenye kundi la WhatsApp kuomba ushauri wa mabingwa, jina la mgonjwa likiwa pembeni, kwa nia njema kabisa.

Sithubutu kuifundisha Serikali sheria zake. Ila nimesikia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwamba Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Hata kabla ya hapo, sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 ilitaka majibu ya kipimo yawe siri. Kwa unyonge wangu nilidhani taarifa nyeti ni za wakubwa. Nilipoambiwa na zangu zimo, nilifurahi kiasi cha kuja kuziulizia.

Wapo, Mheshimiwa, wanaoipita zahanati ya mtaani kwao na kupanda daladala kwenda kuchukua dawa za kufubaza virusi wasikojulikana. Nauli ikikosekana, dozi inarukwa. Na virusi, tofauti na sisi raia wema, havina subira wala adabu.

Naomba, kama haitakuwa usumbufu: tuitwe kwa namba, daftari lifungwe, kila mtumishi awe na nywila yake, na mfumo uandike nani kafungua faili la nani, na picha ikiombewa ushauri, jina lifichwe. Katika hayo, sioni hata moja linalohitaji kusubiri mfadhili.

Iwapo nimeomba makubwa mno, naridhia mbadala: njoo siku moja upange foleni nasi, uitwe kama tunavyoitwa. Nina imani maboresho yatakamilika kabla muuguzi hajafika kwenye jina la baba yako.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mgonjwa
(Jina limehifadhiwa. Waliokuwa benchi wanalo.)