Kwa Mtahini Mkuu wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (Fasihi)

KUH: SHUKRANI KWA KUUPUNGUZA ULIMWENGU

Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Thika, na kazi yangu umeirahisisha hadi naona haya kupokea mshahara. Zamani ufisadi, ukimbizi na mabadiliko ya tabianchi yaliwakosesha watu usingizi. Leo kila moja ni hoja tu, na kila hoja ina alama zake. Maswali manne, saa mbili na nusu, alama themanini: ulimwengu umekwisha, kalamu chini.

Enzi za Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, wanafunzi wangu walilijua soko la Chapakazi kuliko soko wanakonunuliwa sare. Uchafu wake waliutolea mifano, na Majoka, mtawala aliyelifunga, walimchambua bila huruma. Taka za mji wetu humwagwa Kang'oki, lakini Kang'oki si kitabu teule. Moshi wa taka ulipotuingilia katikati ya kipindi cha uharibifu wa mazingira, niliagiza madirisha yafungwe tuendelee. Msichana mmoja akauliza kama angeweza kuuandika moshi huo. Nikamkataza, tena kwa upole: haumo kwenye mwongozo wa kusahihishia, sasa wewe ungeutolea wapi alama?

Wenzetu wa Ruiru wako hatarini zaidi. Mji wao uliipa jina Ruiru 11, kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inastahimili magonjwa. Haikustahimili ghorofa. Tatu City yenyewe imejengwa palipokuwa na mibuni. Mtoto wa huko akiulizwa kuhusu ardhi, njaa na soko la dunia, anaweza kujibu kabla hajafungua kitabu, jambo ambalo, utakubaliana nami, ni udanganyifu katika mtihani.

Ombi langu ni moja. Katika mtihani wa kimataifa wa IB, mtahiniwa huzungumza dakika kumi kuhusu suala la ulimwengu alilolichagua mwenyewe, akilifuata katika matini mbili, kisha mwalimu humhoji dakika tano. Tafadhali usiige. Watoto hawa watakuwa na la kusema, nasi tutalazimika kusikiliza. Na wachuuzi wa miongozo ya vitabu teule stejini, wenye watoto wa kusomesha, watakula nini?

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Fasihi, Thika

Nakala: Wachuuzi wa miongozo, Thika na Ruiru